Mwaka Esupat Alipokuwa Mlowezi

Arobaini ya Mwalimu Pazi ilisomwa nyumbani kwake Kisarawe, siku ya Jumamosi, na mimi nilifika mapema kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kukuta watu wameshakaa wakabaki kunitazama nikitafuta pa kukaa. Walinipa kisu na beseni la vitunguu. Nikajifunga khanga kichwani, nikakaa nyuma ya nyumba na wanawake wengine, nikamenya, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nadhani walinichukulia kuwa nimetoka upande wa mkewe. Walikuwa wanamzungumza marehemu kama wanavyozungumzwa walimu wote wa zamani: kwamba alikuwa mkali, kwamba aliwahi kumchapa fulani ambaye leo ni mtu mkubwa, kwamba shamba lake la mihogo alilipenda kuliko kitu chochote. Kisha mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele akasema, bila kuinua uso, "Mzee alikuwa na jambo moja lililomkaa. Kuna mtoto wa Kimasai alimpoteza." Mwenzake akauliza, "Alikufa?" "Hakufa. Aliacha shule. Alikuwa anamtaja hata alipokuwa kitandani." Nikaendelea kumenya. Kumenya vitunguu kuna faida yake, macho yakilowa hakuna anayekuuliza. Sikuwaambia kwamba Mwalimu Pazi hakumpoteza mtoto yeyote. Aliyempoteza ni mimi.

Mwaka nilipompoteza nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nilipangiwa shule ya sekondari Kibaha, upande wa kuelekea Zegereni, mahali ambapo asubuhi tulisikia king'ora cha kiwanda kabla ya kengele ya shule, na upepo ukigeuka madaftari yalifunikwa na vumbi jembamba la kijivu ambalo hatukujua linatoka kiwanda kipi. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Mtu asiyewahi kuwa katika hali hiyo hawezi kuelewa inavyomfanya mtu aongee polepole, acheke vichekesho vya wakubwa, na kusaini kitabu cha mahudhurio kwa mwandiko wake bora kabisa. Nilifundisha Historia kidato cha pili na cha tatu. Mwalimu Pazi alifundisha Historia kidato cha nne, na alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha la ofisi ya walimu, na juu yake kulikuwa na birika la chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli lenye kifuniko, mihogo aliyoitoa shambani kwake mwenyewe. Kila saa nne alinisogezea kipande bila kusema neno. Ilinichukua wiki tatu kugundua kwamba ule ndio ulikuwa ukaribisho wake.

Barua ya mwaliko ilifika mwezi wa tatu. Ilikuwa ya mkutano wa wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam, mkutano wa kujifunza diplomasia, ambako watoto hukaa kama wajumbe na kujadili mambo ya dunia. Mkuu wa shule aliisoma nusu, akanipa, akasema, "Haya ni mambo ya vijana, madamu. Shughulika nayo." Shule yetu ilipangiwa viti vinne katika kamati moja ya kihistoria: Baraza la Kutunga Sheria la enzi za Mwingereza. Watoto walitakiwa kuwa maofisa wa serikali, walowezi, na wale wachache waliodaiwa kuwasemea wenyeji. Hoja ilikuwa moja tu, wilaya ya kubuni yenye ardhi nzuri na mto, na swali la nani aondoke ili nani akae. Niliisoma barua ile mara tatu. Mwalimu Pazi aliisoma mara moja akanirudishia. "Kwa hiyo utawafundisha watoto wetu kuwa wakoloni," akasema. Nikamjibu kwa moyo wote kwamba nitawafundisha kufikiri. Hakunicheka. Alifunika mihogo yake akasema, "Haya. Kufikiri si vibaya."

Shule ilikuwa na chumba cha maabara kisichokuwa na maabara. Kilikuwa na meza ndefu za zege, masinki meupe yasiyounganishwa na bomba lolote, na madirisha ambayo vioo vyake vilikuwa bado vimebandikwa karatasi za dukani. Ndani ya masinki wanafunzi walikuwa wanahifadhi mafagio. Pale ndipo tulipokutana kila Alhamisi baada ya vipindi. Alhamisi ilikuwa siku ya makande, na wapishi waliniwekea sahani yangu, kwa hiyo tulikula wote humo humo, vijiko vikigonga bati, huku nikiwaeleza Gavana alikaa wapi na mlowezi alikaa wapi. Nilichagua wanafunzi wanne. Wawili nitawaacha, walikuwa watoto wazuri na maisha yao yamekwenda. Wa tatu alikuwa Mwanahamisi, msichana wa kidato cha tatu aliyetoka kwenye familia ya wakulima karibu na Mlandizi, mwenye sauti ya juu na mtandio aliouvuta mbele kila alipotaka kubisha. Wa nne alikuwa Esupat, wa darasa hilo hilo, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza sekunde kadhaa kabla ya kujibu hata salamu. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohama kutoka kaskazini alipokuwa mdogo, wakaweka boma lao kwenye kijiji kimoja upande wa Vihingo, huko huko Kisarawe, ambacho jina lake naliacha. Yeye aliishi bwenini.

Tulipanga nafasi kwa kuokota vikaratasi. Mwanahamisi akaokota ofisa wa ardhi. Esupat akafungua cha kwake, akanyamaza zile sekunde zake, akasema, "Mimi ni mlowezi."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwanahamisi akagonga meza ya zege kwa kijiko. "Mmasai mlowezi! Utawafukuza ng'ombe wa baba yako?"

"Nitawafukuza," Esupat akasema. "Si ndio kazi yenyewe, madamu?"

Nilikuwa na mbinu moja ya mjadala, na niliiamini kama mtu anavyoamini dawa iliyomponya yeye. Niliwaambia: kabla hujasema la kwako, eleza hoja ya mwenzako, uieleze vizuri mpaka yeye mwenyewe aseme, ndiyo, hicho ndicho ninachomaanisha. Baada ya hapo hatakuwa na sababu ya kukuzuia. Niliwafanyisha zoezi hilo miezi mitatu. Mwanahamisi hakulipenda, alisema ni kumpa adui panga. Esupat alilichukua kama kitu alichokuwa anakitafuta siku zote. Alisimama kando ya sinki lenye mafagio, mikono nyuma, akaeleza shida ya mkulima mpaka Mwanahamisi akaacha kula. "Nani amekuambia hayo?" Mwanahamisi alimuuliza siku moja. "Wewe," Esupat akajibu. "Ulikuwa unampigia simu mama yako juzi kwa matroni, unauliza kama ng'ombe wameingia tena. Niliona uso wako." Mwanahamisi akavuta mtandio. Baada ya siku hiyo nilianza kuwaona wakikaa pamoja kwenye uji wa saa nne, na mara nyingine niliwasikia, nikipita nyuma ya bweni, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu ng'ombe na mihogo kama watu wazima wawili wanaopakana mashamba.

Likizo ya katikati ya mwaka nilikwenda nyumbani kwa kina Esupat kuomba ruhusa ya wazazi. Boma lilikuwa na nyumba tatu za udongo, na uwanja uliofagiliwa kwa matawi mpaka ukawa na mistari. Mama yake alinipa maziwa kwenye kikombe cha plastiki, kisha ugali, kisha maziwa tena, na kila nilipoweka kikombe chini alikijaza. Baba Esupat alikaa kwenye kigoda, fimbo mapajani, akamsikiliza binti yake akimweleza kwa Kimasai, nami nikisikia neno moja moja la Kiswahili likipita katikati, baraza, mlowezi, kura. Mwishowe alinigeukia.

"Mwalimu, huyo mzungu wake anashinda?"

"Bado hatujui, baba. Ndiyo maana wanajadili."

"Mimi najua," akasema. "Mzungu alishinda kule kwetu. Na baada yake wakaja wengine, nao wakashinda. Sasa tuko huku." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akaweka kidole gumba kwenye fomu yangu ya ruhusa, ingawa muda mfupi kabla nilikuwa nimemuona akiandika vizuri tu jina lake kwenye daftari la chanjo ya ng'ombe, na sikupata ujasiri wa kumuuliza kwa nini. Esupat alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipita katikati ya mashamba ya mihogo, na akaniambia tutembee kwenye ukingo, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu wenye mashamba wakiona nyayo nyingi wanajua ni za wafugaji.

Mkutano wa Dar es Salaam ulifanyika mwezi wa tisa, kwenye ukumbi uliokuwa na baridi kiasi kwamba watoto wangu walikaa wamekumbatia mabega. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Watoto wa shule nyingine walikuwa wanakiongea kama wamezaliwa nacho, wamevaa suti, na mmoja, aliyekuwa Gavana, alikuja na kofia ya manyoya iliyoshonwa hasa kwa ajili ya siku hiyo. Siku ya kwanza watoto wangu hawakusema kitu. Mchana tuliketi nyuma ya ukumbi na maboksi yetu ya chakula, na Mwanahamisi akasema, "Madamu, turudi tu." Esupat alikuwa anatafuna wali taratibu. "Wanaongea haraka," akasema, "lakini hakuna hata mmoja aliyesema nani anaondoka kwenda wapi. Kila mtu anasema 'waondoke'. Waende wapi?"

Siku ya pili alinyanyua kibao chake cha kuombea nafasi ya kusema. Alisimama na ile sare yetu ya sketi ya bluu iliyopauka na Kiingereza chake cha polepole, kila neno likiwekwa chini kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisema yeye ni mlowezi, amekuja na karatasi yenye muhuri, anaitaka ardhi ile yote. Lakini kabla hajaiomba, anataka kuliambia Baraza hasara ya mtu atakayeondolewa, kwa maneno ambayo mtu huyo mwenyewe angeyakubali. Akaeleza. Alieleza ng'ombe anavyojua njia ya maji na jinsi mtu anavyolazimika kumpiga usoni ili aisahau. Akaeleza pia mkulima wa bondeni, anayeamka na kukuta miezi yake minne imekwisha kwa asubuhi moja. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa ameyaelewa yote hayo, hawezi tena kuomba ardhi yote. Akapendekeza njia ya mifugo kwenda mtoni, ipimwe na iwekewe alama. Mabua yaachiwe ng'ombe baada ya mavuno. Na kamati ya watu wa pande zote ikae kila mwezi, kuwe na ugomvi au kusiwe nao. Yule Gavana mwenye kofia alisahau kugonga meza kuashiria muda umekwisha. Ofisa wa ardhi, yaani Mwanahamisi, akasimama akaunga mkono kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Walipopiga kura mikono yote ilinyanyuka. Mwalimu aliyesimamia kamati alitabasamu, akasema historia haikwenda hivyo, ila kwa kanuni za mkutano azimio limepita. Nilikuwa nimekaa ukutani na walimu wengine. Nililia hadharani, nikiwa na kitambulisho cha mkutano shingoni, na sikuona haya. Nilifikiri nimeona jambo linalowezekana. Leo nikikumbuka mikono ile, naona mikono ya watoto ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwenye ardhi ile waliyoigawa. Haikuwagharimu kitu kuinyanyua.

Wiki tatu baadaye, ng'ombe waliingia kwenye mashamba kijijini kwa kina Esupat. Waliingia usiku mmoja, kwenye mashamba sita, na mmoja wa wenye mashamba alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Kijana mmoja wa wafugaji alipigwa akavunjwa mkono. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Esupat alikuja ofisini kwetu saa ya chai, akasimama mlangoni, akatoa shikamoo kwa walimu wote, kisha akanieleza. "Madamu, nataka kwenda. Nataka niwaambie kama nilivyowaambia kule." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwona tena na kibao chake mkononi. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe.

Mwalimu Pazi alisubiri mtoto aondoke. "Usimpeleke, madamu," akasema. "Mimi ni mtu wa kule. Nina mihogo, na imeliwa, nawajua wenzangu walivyo sasa hivi. Ule si ukumbi wa Dar. Kule ukumbini mtu akikosea anapewa nafasi nyingine. Pale mtu akifungua mdomo anaandikwa."

"Atawasikilizisha, mwalimu. Ungemuona."

"Sijasema hajui kusema." Alinisogezea kipande cha muhogo. "Nasema hao hawajaja kusikiliza." Sikukichukua. Nilikuwa kijana na nilikuwa nimeona mikono ikinyanyuka. Sikumuomba mkuu wa shule ruhusa ya maandishi pia, kwa sababu nilijua atakataa. Nilimwambia nampeleka mwanafunzi nyumbani kwa matatizo ya kifamilia.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi, watu wakiwa wamekaa chini na wengine kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Wakulima upande mmoja, wafugaji wachache upande mwingine, wameshika fimbo zao wima katikati ya magoti. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa makamo mwenye kikohozi, na kando yake mtendaji aliandika muhtasari kwenye daftari kubwa. Walizungumza wakulima saa nzima. Yule mjane alisimama, akashindwa kuongea, akakaa, na hilo lilikuwa baya kuliko hotuba zote. Kisha Esupat akanyanyua mkono. Pakawa na manung'uniko, lakini Mwenyekiti akasema, "Mwacheni, ni mtoto wa shule."

Akasimama na ile ile sketi ya bluu. "Shikamooni wazee." Wachache wakaitikia. "Mwenyekiti, kabla sijasema ya kwetu, naomba niseme ya wakulima, na nikikosea mnisahihishe." Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa fahari. "Ng'ombe wameingia mashambani. Si mara ya kwanza. Mtu analima tangu mvua za kwanza, anapalilia na watoto wake, halafu anaamka anakuta nyayo na mashina. Huyu mama hapa, hana akiba nyingine. Na ng'ombe wale, wengine walikuwa wa kwetu..."

"Amekiri!" Mwanamume mmoja alikuwa ameshasimama, mkono hewani. "Mtendaji, andika! Mtoto wao mwenyewe amekiri!"

Makofi yakapigwa. Mtendaji akainama juu ya daftari, akaandika. Nilimuona akiandika. Esupat aliinua sauti, "Mwenyekiti, sijamaliza. Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti, sijamaliza," na neno hilo, utaratibu, likawachekesha. Walilirudia wakirushiana. "Anatufundisha utaratibu!" "Ndiyo hiyo shule yao!" Baba Esupat hakuwa anawatazama wakulima. Alikuwa anamtazama binti yake, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyepokea habari aliyokuwa anaisubiri kwa miaka mingi, ila hakujua italetwa na nani.

Mwenyekiti akakohoa, akatuliza watu kwa kiganja. Kwa haki yake, nilivyomuona, hakuwa mtu mbaya. Alitazama upande niliokaa. "Huyu mtoto amekuja na mwalimu wake. Mwalimu, una la kuongeza?"

Ningeweza kusimama. Ningesema tu sentensi tatu: hii ni mbinu niliyomfundisha mimi, sehemu ya pili ya hoja yake haijasikika, mpeni dakika mbili. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na umri, nilikuwa na heshima ambayo mwalimu bado anayo kwenye uwanja wa kijiji. Lakini nilifikiria ruhusa ambayo sikuwa nayo. Nilifikiria barua ya kuthibitishwa kazini. Nilifikiria mtu akiuliza, mwalimu wa serikali kutoka Kibaha anafanya nini kwenye ugomvi wa ardhi? Esupat alikuwa amegeuka ananitazama, bado amesimama. Nikatikisa kichwa. Hapana, sina la kuongeza. Baba yake akasema neno moja la Kimasai, Esupat akakaa.

Mkutano uliamua wafugaji wote waondoke kabla ya mvua za vuli kukolea. Pengine wangeamua hivyo hata kama Esupat asingefungua mdomo. Mwalimu Pazi aliniambia hivyo mara nyingi kwa miaka iliyofuata, na kila mara nilijua anasema kwa huruma. Yeye alikwenda mwenyewe kijijini Jumatatu yake, na Jumatano tena, kumuomba mwenyekiti angalau familia ile ibaki mpaka mtoto afanye mtihani wa mwisho wa mwaka. Alirudi na viatu vyenye matope mpaka kwenye kamba. "Wanasema imeshaandikwa," akasema. Hakuniambia kwamba alinionya. Laiti angeniambia.

Ijumaa ya wiki ile Baba Esupat alikuja shuleni kwa miguu. Nilikuwa bwenini Esupat alipofungasha: godoro jembamba, ndoo, madaftari aliyoyafunga kwa uzi wa katani. Cheti cha mkutano alimwachia Mwanahamisi, akasema kitalowa njiani. Mwanahamisi alikuwa anakunja nguo za mwenzake kwa nguvu, kama anazigombeza. Mimi nilisimama katikati ya vitanda nikisema maneno ambayo watu husema, kwamba kule waendako kuna shule, kwamba nitamwandikia mkuu wa shule barua, kwamba asome hata akiwa nyumbani. Esupat alinisikiliza mpaka mwisho. "Asante, madamu," akasema. Barua niliiandika kweli. Sikuwa na pa kuituma. Mwezi wa kumi na mbili nilithibitishwa kazini, na mkuu wa shule alinipongeza mbele ya wenzangu kwa jinsi nilivyoiletea shule jina kule Dar es Salaam.

Sikupeleka tena wanafunzi kwenye mkutano ule. Mwaliko ulikuja mwaka uliofuata na mwingine baada yake, nikasema nina kazi nyingi. Nimefundisha karibu miaka ishirini tangu hapo, na nimekuwa mwalimu mzuri kiasi, naamini, wa aina ambayo humaliza mada kwa wakati. Nikifika kwenye mada ya Baraza la Kutunga Sheria nasoma kutoka kitabuni.

Kwenye arobaini, baada ya dua, nilikuwa nabeba sinia la pilau nilipogongana na mwanamke mnene mwenye baibui, akanitazama, akaita, "Madamu!" Alikuwa Mwanahamisi. Ni muuguzi Mlandizi siku hizi, ana watoto watatu. Tulikula sinia moja. Aliniambia kwamba yeye na Esupat hawajawahi kupotezana kabisa. Miaka kadhaa ilipita kimya, kisha siku moja Esupat alipata namba yake kwa mtu aliyewahi kulazwa wodini kwa Mwanahamisi. Yuko kusini, huko mbali, aliolewa, hakurudi shule. Wamehama mara tatu. "Alimpigia Mwalimu Pazi mwaka jana," Mwanahamisi akasema. "Waliongea, wakalia wote wawili." Akachukua simu yangu kutoka mkononi mwangu, akaandika namba, akaniambia nipige kesho yake mchana, saa ambayo Esupat hupanda kilimani kwenye mtandao.

Nilipiga Jumapili, saa nane. Alipokea haraka. Sauti ilikuwa nzito zaidi, lakini zile sekunde za kimya kabla ya kujibu zilikuwa zake. "Shikamoo, madamu." Nikaitikia marahaba. Tukazungumza habari za msiba, za watoto wake, za mvua. Alikuwa na binti aliyemaliza darasa la saba na kufaulu, lakini shule aliyopangiwa wanaiacha nyuma, kwa sababu mwezi ujao wanahama tena. Nikaanza kusema kwamba labda ninaweza kuuliza mahali. Akaniacha nimalize, kama zamani.

"Madamu, nina swali," akasema. "Siku ile kwenye mkutano, yule mwenyekiti alikuuliza. Kwa nini hukusimama?"

Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Ruhusa, kazi, utaratibu wa serikali. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililotoka.

"Niliogopa, Esupat."

Nikasikia upepo kwenye simu, na kengele za ng'ombe mahali fulani chini yake.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Ila mimi nilikuwa nimeshasimama." Kisha akaniomba radhi kwamba ndama wanashuka upande usio wao, akanituma nimsalimie Mwanahamisi, akakata.